Zamu ya Kupinga

Msambweni, Kwale
Jumatano, 12 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Issa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai karatasi hii itakukuta mzima wewe, mkeo, na wale watoto wawili ninaowajua kwa sura za kwenye simu tu. Vipi lile goti? Ulisema daktari wa huko amekukataza kupanda ngazi, nawe unaishi ghorofa ya nne. Sijui mnafanyaje, labda unavutwa kwa kamba. Na baridi je, imeshaanza? Ile fulana ya sufi niliyokutumia unaivaa, au imeshakuwa ya kupangusia meza?

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Mama yupo, anakula, anasali akiwa amekaa, na kila siku baada ya alasiri anauliza kama umeshatoka kazini. Macho yake yamezidi ukungu, lakini masikio hayana dosari. Ukimnong'oneza mtu uani, Mama ndiye atakayekujibu kutoka chumbani. Vuli ilikuja siku mbili ikaondoka. Muhogo umesimama tu, haukui wala haufi.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Anakuletea Eunice, binti wa jirani yetu Mzee Lewis, anayerudi masomoni huko kwenu. Anaondoka kesho, na ameniahidi kuwa Jumamosi itakuwa mkononi mwako. Kwenye simu nisingeweza kukuandikia haya. Kwenye simu kuna kufuta, nami najijua: ningeandika mara kumi, nikafuta mara kumi, mwisho nikakutumia picha ya samaki wa kupaka.

Kazi ya mabango inaendelea kwa kusuasua. Mahoteli ya Diani siku hizi yanachapisha mabango ya plastiki, hayataki tena mkono wa mtu. Nimebakiwa na vinyozi, maduka ya dawa na makanisa mapya. Wiki iliyopita nilimchora simba mlangoni kwa muuza magodoro, akalalamika kuwa simba ana uso wa huzuni. Nikamwambia huyo ndiye simba niliye naye mwaka huu.

Sasa nikuelezee habari za Baraza, maana ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Kumbukumbu za mazungumzo yetu nilizokuwa nikikutumia kila Jumapili zilikatika tangu Agosti, nawe umeniuliza mara tatu, nami mara tatu nikakujibu kuwa watu wana shughuli. Sikukwambia kweli. Baraza limekufa, Issa. Viti vimepangwa ukutani, vimejaa vumbi, na kuku wa jirani anataga chini ya kile chako.

Unakumbuka tulivyoanza, watu watano kwenye ukumbi wa kibanda changu, Jumamosi baada ya alasiri: wewe, mimi, Ustadh Alamin wa madrasa, Mwalimu Caroline aliyekuja kufundisha historia Ukunda akasahau kurudi kwao bara, na Mzee Chengo wa Bongwe, mwambaji ngoma na mtunzi wa nyimbo za sengenya, ile ngoma yetu ya Kidigo. Ni miaka minane tangu uondoke. Tulibaki wanne, lakini zile sheria zako mbili tulizishika kama vile umejificha uani unatusikiliza.

Ya kwanza uliiweka mwaka ule wa uchaguzi, Ustadh na Caroline waliporushiana maneno mpaka birika la chai likapinduka. Ukasema majina ya watu na habari za siku ziachwe nje pamoja na viatu. Ndani yaingie maswali tu. Na ya pili, akishasema msemaji wa kwanza, wa pili sharti apinge, atake asitake, na zamu hiyo izunguke kwa kila mmoja. Uliniambia hoja isiyopata mpinzani haikomai.

Hii ya pili niliipenda mno, hujui tu. Mimi niliishia darasa la saba, kazi yangu ni kuandika NYWELE HAPA na DAWA ZIPO. Lakini zamu yangu ya kupinga ikifika, naweza kumnyamazisha mtu aliyesoma miaka kumi na miwili Lamu na ng'ambo. Nilikuwa nikiamka Jumamosi kama mtu anayekwenda harusini.

Jumamosi ya kwanza ya Julai ilikuwa ya Mzee Chengo kuuliza. Nje mambo yalikuwa yameshachafuka: vijana barabarani, moshi, redio zikihesabu majeruhi. Sisi viatu nje, chai mkononi. Mzee alikuja bila ngoma yake ndogo, nikamtania kuwa amemwacha mke wa pili nyumbani. Hakucheka. Akauliza: ahadi iliyotolewa kwa hofu, ni ahadi?

Ustadh Alamin alisema wa kwanza, na alisema vizuri. Kwamba aliyelazimishwa hana dhambi wala deni. Ulimi ukitamka kwa kutishwa, moyo hauhesabiwi. Alituletea mifano ya wanachuoni, akataja mtu aliyewekewa upanga kifuani. Kwa hakika mimi nilikubaliana naye kwa kila neno.

Lakini ilikuwa zamu yangu kupinga. Nikasimama, maana mimi nikipinga husimama, nikasema: "Ahadi haipimwi kwa moyo wa aliyeitoa. Hupimwa kwa shingo ya atakayelipia ikivunjwa." Nikaendelea. Nikasema kama aliye hatarini ni mwingine, basi wewe uliyeahidi kunyamaza huna ruhusa ya kujipa uhuru kwa shingo ya mwenzako. Nyamaza hata kama kunyamaza kunakuua. Caroline akapiga makofi. Ustadh akainua mikono akasema ameshindwa. Mzee Chengo akaniomba nirudie sentensi ile ya kwanza, nami nikairudia polepole, kwa madaha, kama ninayemsomea mtoto imla.

Jioni ile ile nilikuandikia. Ujumbe ninao hapa, naunakili kama ulivyo: "Leo nimempiga Ustadh chini. Nimetetea jambo nisiloliamini hata chembe na wote wamekubali. Mzee Chengo amelimeza kama dawa." Nikaweka vile visura vitatu vinavyocheka mpaka machozi. Nawe ukanijibu kwa visura vitatu vyako.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya Caroline kuuliza, lakini Mzee alimwomba zamu. Akauliza kati ya anayengoja kimya na anayelia hadharani, nani ampendaye zaidi aliyeondoka. Tulilichambua swali lile kwa raha kama watu wanaokula kamba wa nazi. Caroline alizungumzia akina mama wa nchi za mbali na historia zao. Mimi nilizungumzia rangi, kwamba nyeupe nayo ni rangi. Sijui nilikusudia nini, lakini lilipokewa.

Ya tatu akaomba tena. Safari hii alitaka kujua mtu asiyekuwa na habari ya mwenzake aamini lipi, uhai au mauti. Ustadh akatufundisha hukumu za mtu aliyetoweka, miaka ambayo mke hungoja, mali inavyowekwa, mpaka lini atahesabiwa kuwa hai. Somo zuri sana. Mzee Chengo alikuwa akimtazama midomo, hakugusa chai wala mihogo ya kukaanga. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anaomba zamu za wenzake. Tuliona ameiva, basi. Caroline alisema njiani kuwa Mzee sasa amekuwa mwanafalsafa kamili.

Ya nne, tarehe ishirini na sita, alikaa mikono magotini. Tukangoja swali.

"Swali langu la leo ni Mwero," akasema.

Unamjua Mwero, mwanawe wa pekee, aliyeachiwa na marehemu mkewe akiwa wa kubebwa. Kwangu ndiko alikojifunza kushika brashi, na akiwa na miaka kumi na mitano mkono wake ulikuwa umeshaupita wangu. Alikuwa Nairobi akisomea uchoraji, na katuni zake za wakubwa zilikuwa zikizunguka kwenye simu za watu. Mimi mwenyewe nilizicheka. Hata wewe nilikutumia moja.

Hapo ndipo Ustadh Alamin, mtu mpole kuliko wote ninaowajua, alipomwambia kwa upole, "Mzee Chengo, majina tuliyaacha nje."

Sitasahau uso wa Mzee. Hakukasirika. Alitazama mlangoni kwenye viatu, kana kwamba anatafuta alipokiweka kitu, kisha akaanza kulia.

Mwero alichukuliwa Jumatatu ya mwisho ya Juni, mlangoni pa chumba alichopanga, na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Siku hiyo hiyo mtu akampigia Mzee kwa simu ya Mwero mwenyewe. Akamwambia ukisema kwa yeyote utamzika, ukinyamaza atarudi, ahidi. Mzee akaahidi. Hakwenda polisi, hakwenda kwa chifu, hakumwambia hata dadake anayekaa naye uani. Alijiuliza peke yake siku tano, kisha akaja kwetu kuuliza kwa njia pekee ambayo tulimruhusu kuuliza.

Tulikimbia, Issa, usidhani tulikaa. Jumatatu tulikuwa Mombasa kwa wakili wa watu wanaofuatilia mambo haya. Kijana mwema, alituhudumia bila malipo na mpaka leo anafuatilia. Lakini alipouliza tarehe na Mzee akamtajia, aliweka kalamu mezani kwanza. Akasema kesi za namna hii siku za mwanzo ndizo zenye mlango, mahakama ikipigiwa kelele mapema. Akatoa mfano wa mama mmoja wa Lunga Lunga, Kahaso, ambaye mwanawe alichukuliwa wiki ile ile. Kahaso alilia barabarani tangu siku ya kwanza, akalala nje ya kituo cha polisi, akazungumza na kila mwenye kamera. Siku ya tisa mwanawe alitupwa kando ya barabara kule Taru, amevunjwa mkono, lakini hai. Mzee Chengo alisikiliza yote akiwa ameshika kofia yake. Hakuniangalia, nami sikumwangalia.

Caroline anasema hakuna ajuaye. Anasema wapo waliopiga kelele tangu siku ya kwanza na hawakupata hata kiatu. Ni kweli, na huwa najiambia hivyo nikiwa nachanganya rangi. Rangi ikishachanganyika, maneno hayo yameisha nguvu.

Mwezi wa tisa tulikwenda Bongwe kumtazama, mimi na Ustadh. Karakana yake ilikuwa imefungwa. Alitufungulia ili Ustadh apate pa kusalia. Kwenye kona kulikuwa na mzinga wa ngoma aliouanza na hakuuwamba ngozi, mdomo wazi. Nikachungulia ndani, tabia yangu mbaya ya kuchungulia kila kitu. Ndani ya mti, kwa mkaa, kwa zile herufi zake kubwa, aliandika sentensi yangu. Ahadi haipimwi kwa moyo wa aliyeitoa. Yote, mpaka shingo. Na chini yake vijistari, kimoja kimoja, vya siku. Nilivihesabu, vilikuwa ishirini na moja. Siku ishirini na moja mtu alijizuia kumlilia mwanawe kwa sababu yangu.

Nilitoka nje nikasema jua limenipata. Sikumwambia Ustadh. Yeye ana lake. Tangu siku ile ya kumwambia Mzee kuhusu majina hafundishi tena darasa la watu wazima, anasema hajui tena anachowafundisha. Nami sikumwambia Caroline wala Mama. Wewe ndiye wa kwanza.

Juzi Jumatatu Mzee Chengo alikuja kibandani. Amekonda, lakini alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alileta picha ya Mwero na ubao, akataka nimchore uso wake, uwekwe Ukunda mahali watu wanapopandia magari. Nikamuuliza niandike nini. Neno "amepotea" alilikataa. Alisema mbuzi ndiye hupotea. Akataka jina tu na namba ya simu.

Nikaanza na macho, maana Mwero ana macho ya mamake. Mzee akakaa kwenye kiti chako, kuku akatoka. Baada ya muda mrefu akaniuliza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia Barazani:

"Bi Twaiba, siku ile ya ahadi, ulikuwa unasema au ilikuwa zamu yako?"

Brashi ilikuwa hewani. Ninajua kuwa nilikuwa na nafasi, Issa, nafasi ya kutosha kabisa, hata rangi haikudondoka. Nikamwambia, "Nilikuwa nasema, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi," akasema. "Afadhali. Ningekuwa nimefuata mchezo, nisingejisamehe."

Kisha akanishukuru. Alinishukuru, unanielewa? Akasema Jumapili hii atakupigia wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayeandikiwa kumbukumbu, umsomee maneno yote ya siku ile kama nilivyokuandikia. Anataka kutunga wimbo wa Mwero na anataka maneno yawe sahihi.

Unaona sasa kwa nini barua hii inakuja na Eunice.

Nitakuambia ukweli kuwa nilipokaa kuandika asubuhi, nilikuwa na ombi moja tu. Nilitaka uufute ujumbe ule, na akikupigia umwambie kuwa dada yako aliamini kila neno. Nilikuwa nimeshazipanga hoja. Kwamba mwanadamu hana haki ya kumvua mwenzake nguo ya mwisho kwa ajili ya kujisafisha. Kwamba ukweli usiomrudisha Mwero ni ukweli wa nani? Kwamba uongo wangu unamlaza Mzee, na ukweli wangu utanilaza mimi tu. Hoja nzuri. Ustadh angeinua mikono.

Lakini nilipofika kuandika habari za ule mzinga wa ngoma, kalamu ilinigomea. Nikajisikia ninavyopinga, Issa. Nikaisikia sauti ile ile, madaha yale yale. Nilikuwa nimesimama tena ukumbini, na shingo ni ya mwingine.

Naogopa. Sina neno jingine la kuliweka hapa. Namwogopa mzee asiyeweza hata kumtupia jiwe kuku. Naogopa atakavyokaa kimya nikimwambia. Naogopa pia kuwa akitunga wimbo kwa maneno yale, watoto wataucheza, na utadumu kuliko mimi.

Basi sikuombi ufute. Keshokutwa Ijumaa, baada ya swala, nitakwenda Bongwe. Nimeshamwambia Mama kuwa nakwenda kuchukua vipimo vya bango, akaniuliza bango gani linalomlaza mtu na njaa. Nitamwambia Mzee kwa kinywa changu, tukiwa karakanani, mbele ya mzinga ule.

Wewe ngoja Jumapili. Akikupigia na akakuuliza juu ya siku ile, ujue nilikwenda nikarudi na vipimo tu bila kumwambia, au sikwenda kabisa. Hapo usinitetee. Msomee ujumbe wangu wote kama ulivyo, na ukimaliza maneno, mwambie pia kuwa nilicheka. Na kwamba nawe ulicheka. Asiyajue nusu.

Na kwa kuwa wewe ndiye kaka yangu mdogo uliyesoma, nitakuuliza swali moja, nalo halina zamu, usitafute wa kulipinga. Kweli tulikaa miaka yote ile tukiutafuta ukweli, au tulikuwa tukitafuta pa kukaa mbali nao?

Mama anakusalimu sana. Anasema ukila ukumbuke kutafuna. Shangazi Ummi anakusalimu, na shemeji yako Matano, ambaye anauliza kama lile goti linaweza kupakwa mafuta ya nazi. Wabusu mkeo na watoto, na ujitahidi kuwasemesha kwa lugha yetu hata kama wanakujibu kwa ya kwao. Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na hao, awarejeshe kwao wote walio mbali na wazazi wao, kwa miguu yao wenyewe. Sema amin kwa sauti, hata kama majirani wa ghorofani watashangaa.

Wako akupendaye, na hilo si kwa zamu,

Dada yako,
Twaiba